Pishi ya Elimu

Gando, kama kwingineko Pemba, yajulikana tofauti ya kupima na kuthamini. Mchumaji wa karafuu alilipwa kwa pishi, na pishi hiyo ilikuwa kinga yake: bila kipimo, ujira wake ungetegemea huruma ya mwenye shamba. Walakini pishi haikueleza mikarafuu ilipandwa na nani, wala nani aliipalilia. Swali kama hilo sasa limewafikia wataalamu: je, thamani ya mtafiti ni idadi ya mara alizotajwa na wenzake?

Kipimo hiki kina historia yake. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alizindua faharasa iliyoonyesha kila makala ya sayansi imetajwa na makala zipi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California akapendekeza alama moja ya kumpima mtu: mwenye alama 20 ni yule aliyeandika makala 20 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20. Kipimo hicho kina kheri yake, kwani huzuia cheo kutolewa kwa udugu na kujuana. Ila kutajwa si kusifiwa. Makala hutajwa ikifuatwa na hutajwa ikikanushwa, na hesabu huyatia yote katika kapu moja.

Pemba yenyewe imo katika hesabu hiyo. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti ulioongozwa na Rebecca Stoltzfus, na miongoni mwa waandishi wenziwe alikuwamo mwanasaikolojia Ernesto Pollitt. Watoto 614 wa kisiwani, wa umri wa miezi 6 hadi 59, walipewa kwa miezi 12 madini ya chuma, dawa ya minyoo, vyote viwili, au dawa bandia. Maendeleo ya lugha yao yalipimwa kwa kuwahoji wazazi. Waliopata chuma waliwazidi wenzao kwa alama 0.8 katika kipimo cha alama 20.

Hapa ndipo lilipo fumbo. Neno la kwanza la mtoto hakulisikia mtafiti; alilisikia mama, naye akalihifadhi. Bila ya usikivu wake, makala isingekuwa na cha kusema juu ya lugha.

Wanazuoni wa visiwa hivi waliijua isnadi kabla ya faharasa yoyote. Elimu ya hadithi huuthamini wingi wa njia, lakini humchunguza pia mpokezi: ni mkweli kiasi gani, na alisikia kwa nani? Mnyororo hufuatwa mpaka kwa msemaji wa kwanza. Mnyororo wa marejeo ya kisayansi hufika kwenye makala, ukakomea hapo.

Atasema mwenye insafu kwamba jina la mzazi haliandikwi kwa sababu siri ni haki yake. Ni kweli. Basi deni hili halilipwi kwa kutaja. Hulipwa kwa kurejesha. Na uzito wa deni ulidhihirika katika utafiti mwingine wa Pemba, ulioongozwa na Sunil Sazawal na kuchapishwa mwaka 2006 katika The Lancet. Sehemu yake iliyohusu chuma na asidi ya foliki ilisitishwa Agosti 2003, baada ya watoto 24,076 kushiriki. Waliopewa virutubisho hivyo walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa hospitalini. Malaria ilikuwa imetamalaki, na ikaonekana kuwa chuma chaweza kumdhuru mtoto asiyepungukiwa nacho. Ulimwengu ulipata onyo kubwa, na onyo hilo lilipatikana kwa miili ya watoto wa Pemba.

Kila mara makala kama hizo zinapotajwa, alama ya mwandishi yaweza kupanda. Si haramu, amefanya kazi. Lakini wanaompandisha cheo wana wajibu wa kuuliza, pamoja na idadi, maswali mengine: matokeo yalisomwa wapi, kwa lugha gani, na je, wazazi walipata nafasi ya kuyahoji? Mtafiti asiye na jibu bado anadaiwa, hata akitajwa mara elfu.