Je, Yaliyopita si Ndwele?

Uko msemo wetu wa zamani ambao hutajwa sana penye ugomvi, msiba au hasara: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni msemo mwema. Umepatanisha majirani wengi na kutuliza nyumba nyingi. Lakini mara nyingine hutumiwa kama kifuniko cha chungu. Jambo limeharibika, hatari imepita, basi funika, twende zetu. Katika makala haya napenda tulipime swali moja. Jambo likishaharibika, na hatari yake ikishapita, je, tunao wajibu wa kulifunua na kulichunguza? Au kufanya hivyo ni kutonesha kidonda bure?

Mfano nitakaoutumia hautoki kwetu. Unatoka Marekani, katika kituo cha umeme wa nyuklia kiitwacho Three Mile Island, kilichoko katika mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania. Nimeuchagua kwa sababu huko watu walichunguza uharibifu kwa miaka zaidi ya kumi, na walichokikuta sicho walichokitazamia.

Kwa wale ambao hawajapata kusoma habari za vinu vya nyuklia, nieleze kwa ufupi. Kinu hicho ni kama chungu kikubwa cha chuma. Ndani yake husimamishwa mirija myembamba iliyojazwa vidonge vya urani, ambavyo ndivyo fueli yake. Katika kinu cha pili cha Three Mile Island mirija hiyo ilikuwa 36,816. Urani hutoa joto, maji hupita katikati ya mirija na kulichukua joto hilo, na mwisho wake ni mvuke unaozungusha mashine za umeme. Hata kinu kikizimwa, fueli huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Kwa hiyo maji hayapaswi kukosekana hata kwa saa moja.

Tarehe 28 Machi 1979, yapata saa 10 alfajiri, pampu za maji zilisimama. Kinu kikajizima chenyewe, na vali ya kupunguza shinikizo ikafunguka kama ilivyopasa. Lakini haikujifunga tena, na maji yakawa yanatoroka. Katika chumba cha wasimamizi palikuwa na taa ya vali hiyo. Taa ikazimika, nao wakaamini kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikuonyesha kwamba amri imetiiwa. Wala hapakuwa na kipimo cha kuwaonyesha moja kwa moja maji yamefika wapi ndani ya kinu. Wakidhani maji yamezidi, walipunguza hata yale ya dharura. Zikapita zaidi ya saa 2 kabla ya njia ile kuzibwa, na wakati huo fueli ilikuwa imeanza kubaki uchi bila maji.

Siku mbili baadaye gavana wa jimbo aliwashauri wanawake wajawazito na watoto wadogo waliokuwa ndani ya maili 5 waondoke. Watu wapatao 140,000 waliacha makwao kwa muda. Hatimaye kinu kilipoa. Mionzi iliyotoka nje ilihesabiwa na wakaguzi kuwa kidogo, na watu wakarudi nyumbani. Hatari ikapita.

Hapo ndipo swali letu linapoanza. Kila mtu alijua kwamba fueli imeharibika. Lakini wengi wa wataalamu waliamini kwamba haikuyeyuka, au kama iliyeyuka, ni kidogo sana. Asubuhi ile ya ajali mafundi waliopima joto kwa mkono walikuwa wamepata baadhi ya takwimu za juu mno; zikadhaniwa kuwa ni hitilafu ya vyombo. Hapakuwa na mtu wa kuingia ndani na kutazama, kwa kuwa mionzi ilikuwa kali mno. Basi imani ile ya faraja ikakaa miaka mitatu.

Mwezi wa Julai 1982 kamera ndogo iliteremshwa kwa kamba kupitia tundu jembamba juu ya kinu. Mahali ambapo mirija ilipaswa kuwa imesimama, kamera ilikuta utupu wa kwenda chini karibu mita moja na nusu, na chini ya utupu huo vifusi kama kokoto. Mwaka 1983 ikachotwa sehemu ndogo ya kokoto hizo ili ichunguzwe. Mwaka 1985 kamera ilifika mpaka sakafu ya chungu, ikakuta mabonge na vifusi vilivyotoka juu. Mwaka 1986 ililetwa mashine ya kuchoronga, inayofanana na ile ya watafuta madini, ikatoa vipande kama magogo kutoka katikati ya lile donge lililoganda. Kila walipochungulia, walisahihisha yale waliyoyafikiri mara ya kwanza.

Vipande hivyo vilipelekwa katika maabara, hasa ile kubwa ya serikali katika jimbo la Idaho. Kazi inayofanywa humo yafaa ielezwe. Hakuna mtu awezaye kukishika kipande cha fueli ile, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama. Huwekwa katika chumba chenye kuta nene za zege na dirisha la kioo kinene kilichochanganywa na risasi. Mtaalamu husimama nje, akiongoza mikono ya chuma iliyo ndani. Kipande hupimwa uzito na kupigwa picha. Huzamishwa katika utomvu unaoganda, hukatwa kwa msumeno wenye makali ya almasi, husuguliwa mpaka king'ae, ndipo kitazamwe kwa hadubini. Kazi ya namna hii huchukua miezi.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu kila kitu kina joto lake la kuyeyuka, na kikiganda huacha alama. Madini ya zirkoni yaliyotengenezea mirija ile huyeyuka karibu na nyuzi 1,800 za Selsiasi. Vidonge vya urani huyeyuka karibu na nyuzi 2,800. Mtaalamu akikuta vidonge vyenyewe vimeyeyuka, anajua ni joto gani lililopita hapo, hata kama hakuna chombo kilichoandika. Shahidi huyu hana cheo cha kulinda wala jina la kutetea.

Ushahidi wake ulikuwa mzito. Karibu nusu ya fueli yote iliyeyuka, na tani zipatazo 19 zilimiminika mpaka sakafuni mwa chungu. Imani ya faraja haikuwa kweli. Siku ile mambo yalikuwa mabaya kuliko walivyodhani hata waliokuwako.

Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 1990, kwa ushirikiano wa nchi kadhaa, vilikatwa vipande vya chuma kutoka katika sakafu yenyewe ya chungu. Vilionyesha kwamba mahali pamoja chuma kilipata joto la nyuzi 1,100 hivi kwa muda wa karibu nusu saa. Hata hivyo chuma kile, chenye unene wa sentimita 13 hivi, hakikutoboka. Tena kilipoa upesi kuliko mahesabu yalivyotazamia, na wataalamu wakaona kwamba yaelekea maji yalipenya katika nyufa za lile donge na kati yake na chuma.

Tazameni basi, ndugu zangu. Kweli mbili zilitoka katika vifusi vilevile. Ya kwanza ilisema, mlikuwa karibu na maangamizi kuliko mlivyoungama. Ya pili ilisema, kilichowakinga kilikuwa imara kuliko mlivyojua. Kama wangefunika chungu kile na kusema yaliyopita si ndwele, wangezikosa zote mbili. Wangebaki bila majuto ya kweli, na bila shukrani ya kweli pia, kwa maana mtu hawezi kushukuru sawasawa asipojua ameokolewa na nini.

Sasa tusikie wanaopinga, maana hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza husema ni gharama. Kusafisha kinu kile kuligharimu karibu dola bilioni 1, na kazi haikwisha mpaka mwaka 1993. Kweli, fedha hizo zingeweza kufanya mengi. Ila nyingi kati yake zilihitajika hata hivyo, maana fueli ile haikuweza kuachwa humo. Swali lililobaki ni kama, wakati wa kuitoa, iulizwe ilipatwa na nini, au itupwe kimya. Viko vinu vingine mamia duniani, na watu wanalala jirani navyo. Kuwanyima hao habari ili kuokoa fedha ni uchoyo wa namna yake.

Wa pili husema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli. Hakuna uchunguzi utakaorudisha kinu kile, nacho hakikuwashwa tena. Lakini uchunguzi haukukusudiwa kuzoa maji. Umekusudiwa kujua mtungi ulipasuka wapi, kabla ya kununua mwingine kwa mfinyanzi yuleyule.

Wa tatu hana sauti kubwa, lakini ndiye mwenye nguvu. Yeye huogopa lawama. Husema: tukifunua, atapatikana mwenye kosa, na nyumba itagawanyika. Katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia walimu wanafunzi kwamba mtoto akikosa hesabu, wasitie mkasi mwekundu na kupita. Waifuate njia yake mstari kwa mstari mpaka wapate mahali alipopotea. Mara nyingi huonekana kwamba alipotea mahali ambapo mwalimu mwenyewe hakufundisha vizuri. Anayetazama jibu tu humlaumu mtoto. Anayefuata njia huona zaidi ya mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa Pennsylvania. Waliotazama jibu tu waliona wasimamizi waliopunguza maji. Lakini tume iliyoundwa na Rais Carter, chini ya uenyekiti wa John Kemeny, ilipotoa taarifa yake Oktoba 1979 ilitaja pia mafunzo hafifu, vyombo vya chumba kile, kampuni, na hata idara ya serikali iliyopaswa kuwasimamia wote. Uchunguzi wa juujuu hutafuta mtu wa kubeba mzigo. Uchunguzi wa kina huugawa mzigo kwa haki, na kila mmoja hupata fungu lake.

Kwa hiyo naona msemo wetu una mahali pake, na yatupasa tupajue. Ulisemwa juu ya watu na kinyongo. Ndugu aliyekukosea akatubu, usimkumbushe kila jua linapochwa. Haukusemwa juu ya nyufa za ukuta. Mtu asamehewe, na ufa utazamwe. Tukichanganya mawili haya, tutapata mojawapo ya mabaya mawili: ama tutawatesa watu kwa jina la kutafuta ukweli, ama tutaficha ukweli kwa jina la msamaha.

Tena yatupasa kuchunguza kwa unyenyekevu. Huko Japani, katika kituo cha Fukushima Daiichi, tetemeko na mawimbi ya bahari ya tarehe 11 Machi 2011 viliharibu vinu vitatu. Fueli iliyoyeyuka humo pamoja na vifusi vyake inakadiriwa kuwa tani 880. Ilipita miaka 13 kabla ya kipande cha kwanza kutolewa, mwezi wa Novemba 2024, kwa fimbo ndefu iliyofunguka kama mwanzi wa kuvulia samaki. Kilikuwa na uzito wa gramu 0.7 tu. Kikapelekwa katika maabara huko Oarai. Gramu 0.7 kati ya tani 880! Mwenye haraka atacheka. Lakini wataalamu hawakukidharau kipande kile, wala hawakudai kwamba kinasema habari za chungu chote. Walikipima, na mwaka 2025 wakarudi kuchota kingine. Huu ndio mwendo wa mtu mkweli: asidharau kidogo alichokipata, wala asijidai kwamba ndicho chote.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutaona kinu cha nyuklia maisha yetu yote. Lakini vyungu vilivyofunikwa tunavyo. Mama hufariki katika uzazi, na kabla ya arobaini kila mtu amekwisha kusema ni mapenzi ya Mungu, wala hapana aliyeuliza gari lilichelewa wapi, au damu ilikosekana kwa nini. Chama cha ushirika hufa, madaftari yakafungwa kabatini, na baada ya miaka miwili chaanzishwa kingine kwa taratibu zilezile. Sote twaifahamu taa inayoonyesha kwamba amri imetolewa. Nani ametembea mpaka kwenye vali kutazama kama imefungwa?

Wahenga walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Misemo hii miwili haigombani. Tukitaka kuganga yajayo, hapana budi tujue kwanza ndwele ilikuwa nini, na mganga asiyetaka kuiangalia jana atatoa dawa ya kubahatisha. Basi mara nyingine tutakaposikia katika kikao mtu akisema tuyaache yaliyopita, tumwulize kwa upole: tumwache mtu, au tuuache ufa?