Jehanamu Iliyotapikwa

Abiria wa asubuhi katika matatu za 237, zitokazo Thika kwenda Nairobi, wamezoea. Gari likishajaa na makanga akishapiga bodi, mtu husimama katikati ya viti, Biblia kwapani, akaomba dakika tano. Huanza kwa sala, halafu ni moto tu. Juja inapopita, wenye dhambi wameshaungua. Ruiru ikikaribia, ni saa ya sadaka. Wengine hutoa noti ya hamsini, wengine hugeukia dirisha.

Moto huo ni mgeni katika nchi hii. Mwanatheolojia John Mbiti, mzaliwa wa Kitui mwaka 1931, aliwachunguza Wakamba, majirani wa Thika ng'ambo ya Kilimambogo, na jinsi walivyopokea mafundisho ya wamishonari juu ya siku za mwisho. Katika kitabu chake cha 1971 alionyesha kwamba waumini waliuchukua moto na mji wa mbinguni kama vilivyosemwa, vitu vya kuonekana na kushikwa. Wazee wao hawakuwa na mbingu ya tuzo wala shimo la adhabu. Wafu hawakupanda wala kushuka. Walikuwa papo hapo, jirani na jamaa zao.

Wakikuyu nao roho za wafu waliziita ngoma. Kanisani neno hilo likaja kumaanisha shetani! Babu wa watu akageuzwa adui kwa tafsiri moja.

Adhabu, hata hivyo, ilikuwapo, na jina lake ni thahu. Aliyevunja mwiko aliingiwa na unajisi: akadhoofika, au mtoto akaugua, au mifugo ikafa. Hakungoja kufa ndipo ahukumiwe. Aliitwa mundu mugo, mganga, mnyama akachinjwa, na uchafu wa tumboni mwake ukachanganywa na dawa. Mgonjwa alilambishwa na kutema, akalamba tena na kutema tena, huku kosa likiamriwa litoke. Jehanamu ilitapikwa mchana kweupe, ndugu wakitazama.

Tarehe 28 Julai 1999, huko Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba jehanamu ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake, badala ya kuwa mahali. Wiki moja kabla alikuwa ameeleza kwamba mbingu nayo haiko mawinguni, ni uhusiano hai na Mungu. Wazee wa thahu wangemwelewa upesi kuliko mhubiri wa 237.

Lakini wasingewaelewa wauza faraja wa siku hizi, wanaomwambia mtu kwamba pepo iko kichwani mwake, abadili fikra tu. Maneno hayo humwingia vizuri aliyelipa kodi ya nyumba. Thahu ilikuwa hali, naam, ila haikuwa siri ya moyo mmoja. Ilikaa kati ya mtu na watu wake. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, mwendo mfupi kutoka Ruiru, aliandika riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ (Shetani Msalabani) kwenye karatasi za msalani. Shetani wa riwaya hiyo hajifichi moyoni mwa mtu: ana karamu, na wezi wanashindana mbele ya wageni nani kaiba zaidi.

Katika Ruiru ya leo, mashamba mengi ya kahawa yamekuwa ploti na magorofa, na si ajabu kukuta ndugu wawili wanaopakana ua ambao hawajaamkiana tangu hati ya baba igawanywe. Kila mmoja hupita njia ya nyuma asikutane na mwenziwe. Jumapili wote wako kanisani, mmoja ibada ya kwanza, mwingine ya pili.

Mhubiri hushukia hapo Ruiru. Huhesabu sadaka, huvuka daraja la waenda kwa miguu, akangoja gari la kurudi Thika.