Nasaha kwa Mwenye Kasha la Udi

Kununua udi kunataka fedha. Kuishi na udi kunataka malezi. Nawaandikia vijana wa Islii, Nairobi, walioanza kuweka makasha yao wenyewe ya udi, ubani, unsi na mafuta, maana wengi wao wanajua bei ya kila kitu lakini hawakupata wa kuwafunza adabu zake. Neno langu ni moja, na nasaha zote zinatoka humo: udi ukiwa ndani ya kasha ni wako, lakini ukishatiwa motoni ni wa kila avutaye hewa ile.

Nasaha ya kwanza: kijue ulicho nacho. Udi hutoka kwenye miti ya Aquilaria, inayoota Assam, Vietnam, Kambodia, Malaysia na Indonesia. Mti mzima usio na jeraha hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa, kuvu ikaingia, mti hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi, na sehemu ile iliyoloa utomvu ndiyo udi. Ubani ni utomvu wa miti ya Boswellia, inayochanjwa Dhofar huko Oman na kwenye milima ya kaskazini mwa Somalia. Hata kwetu Wajir na Marsabit miti ya jamii hiyo ipo. Unsi ni kazi ya mikono ya akina mama: sukari hupikwa mpaka iwe shira, ikatiwa udi, ubani, sandali na manukato, ikamwagwa kwenye sinia, ikaganda, ikavunjwa vipande. Anayejua jasho lililomo katika kila kimoja hamdharau jirani mwenye kopo la unsi eti kwa kuwa yeye ana udi wa Assam.

Nasaha ya pili: nunua kwa haki. Tangu Garissa Lodge, ile nyumba ya wageni iliyogeuka soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka maghorofa mapya ya leo, Islii ni mahali pa kuuliza, kunusa na kupatana bei. Usinunue kwa macho. Kuna miti iliyopakwa rangi na mafuta ikang'aa kuliko udi wenyewe. Omba kibanzi kidogo kiwekwe juu ya kaa. Udi wa kweli hutoa jasho, utomvu ukachemka pembezoni, na harufu ikabadilika polepole. Wa bandia hupiga pua mara moja kisha ukabaki moshi wa kuni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini usimchomeshe muuzaji vibanzi kumi kisha uondoke bila kununua hata kipimo kidogo, maana ile ni mali yake uliyoinusa.

Haki pia ni ya mti. Biashara ya Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 1995, na jamii nzima ya Aquilaria ikafuata mwaka 2005, kwa sababu wavunaji walikuwa wakikata miti mingi kutafuta michache yenye utomvu. Msandali wetu wa Kenya, Osyris lanceolata, ulipigwa marufuku kuvunwa porini mwaka 2007, kwa kuwa hung'olewa na mizizi yake. Muulize muuzaji mali imetoka wapi. Akikwepa swali, nawe kwepa mali.

Nasaha ya tatu: zeesha kinachostahili kuzeeshwa. Si kila kitu huboreka kwa kukaa. Vibanzi vya udi vikiwa vikavu hukaa miaka mingi bila kupungua. Mafuta ya udi, hasa ya India, yakiwa mapya huwa na ukali wa zizi la mifugo. Miaka ndani ya chupa huyatuliza. Unsi huhitaji wiki kadhaa ndani ya kopo lililofungwa ili manukato yakubaliane, lakini una sukari, na sukari huvuta unyevu. Masika ya Machi hadi Mei ukiuacha wazi utanata vidoleni. Ubani hupoteza mafuta yake kadiri unavyokauka, ukabaki na ukali bila utamu. Basi ubani utangulie kutumika, unsi ufuate, udi usubiri, na mafuta yarithiwe.

Hifadhi kila aina peke yake katika chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na jua, jiko na dawa ya nondo. Udi uliolala mwezi mmoja jirani na bizari hunuka mchuzi. Andika kwenye kikaratasi jina, mahali ulikonunua na mwaka, ukifunge pamoja na chupa. Ukisahau wewe, watoto wako watajua.

Nasaha ya nne: pima kipande na jambo lake. Kasha la mtu mzima huwa na mapande makubwa ya urefu wa kidole, vibanzi vya ukubwa wa ukucha, chengachenga, na unga unaobaki chini ya chupa. Unga na chenga ni vya kila siku, vya kuondoa harufu ya mapishi jioni. Vibanzi ni vya Ijumaa na vya mgeni. Pande kubwa lingoje harusi au Idi, na hata siku hiyo livunjwe mbele ya watu, kila mmoja aone amekumbukwa. Mafuta nayo yana vipimo vyake: tola moja ni takriban gramu 11.7, na robo tola yamtosha mtu mwenye kiasi muda mrefu, kwa kuwa tone moja nyuma ya sikio linatosha. Kuchoma pande kubwa siku isiyo na jambo, ili majirani wajue unalo, ni israfu, na israfu haina harufu nzuri.

Nasaha ya tano: choma kwa utulivu. Washa kaa mbali na chumba mpaka liwe jekundu lote na moshi wake uishe. Liweke ndani ya chetezo, au dabqaad, yaani chetezo cha Kisomali cha jiwe jeupe laini la Ceelbuur huko Somalia, kama unayo, kisha lifunike kwa jivu jembamba. Weka kibanzi juu ya jivu, si juu ya moto. Udi haupaswi kuungua. Unapaswa kutoa jasho. Utakapoona moshi umekuwa mzito na harufu imegeuka ya kuni, kiondoe kwa koleo, hata kama kimebaki nusu. Chetezo cha umeme hakina aibu, na kwa mwenye watoto wadogo ni salama zaidi.

Nasaha ya sita: mkumbuke jirani. Maghorofa ya Section One na Section Two hapa Islii yamesongamana, ngazi ni moja, na moshi hausomi namba ya mlango. Kwenye orofa yako huenda kuna mtoto mwenye pumu, mjamzito anayechefukwa, au mzee wa kifua. Jitambulishe kwao kabla moshi wako haujajitambulisha. Fungua dirisha la nje na ufunge mlango wa ukumbini. Usilale na kaa likiwaka chumbani, maana makaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Na mama aliye katika siku 40 za uzazi afukiziwe nguo zake chumba kingine; mapafu ya kichanga hayajaujua ulimwengu.

Wala usidhani udi na ubani ni vya dini moja. Katika parokia ya Mtakatifu Teresa, hapa hapa Islii, chetezo hupeperushwa kwenye misa kubwa. Jirani yako Mkatoliki anaijua harufu ya ubani tangu utotoni. Mpelekee kidogo Krismasi, naye hatasahau.

Nasaha ya saba: mheshimu mgeni. Waarabu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa, kwa hiyo ukileta chetezo mapema umemfukuza mgeni bila kufungua kinywa. Lisha kwanza, zungumza, lete kahawa au chai, kisha udi. Anza na mkubwa wa umri, chetezo kiende mkono wa kulia. Mgeni naye asikatae, kwani Mtume amefundisha kwamba anayepewa manukato asiyarudishe. Akiwa na kifua, aweke mkono moyoni na kukipitisha, na mwenyeji asimlazimishe. Usitaje bei. Mgeni akisifu, mfungie kibanzi kwenye karatasi aende nacho.

Nasaha ya nane: kasha lisikutawale. Nimewaona watu waliofunga udi wao miaka mingi wakingoja siku kubwa, na siku hiyo ilipofika, waliofukizwa ni wao wenyewe wakiwa ndani ya sanda. Zeesha, lakini tumia. Andika katika wasia nani atapewa nini, ili ndugu wasigombane juu ya chupa.

Basi Ijumaa hii fungua kasha lako. Chagua kibanzi kimoja kizuri, gonga mlango wa jirani umuulize kama moshi utamdhuru, na akisema la, mwalike aje mkae pamoja.