Kaa Huyu ni wa Wapi?

Dada yangu anaishi Baltimore, Maryland. Siku za wiki ameajiriwa, wikendi anapikia sherehe za Wakenya wa huko: pilau, sambusa, viazi karai, mahamri. Mwaka jana nilipomtembelea alikuwa anataka kuongeza keki za kaa kwenye menyu, maana kupika Baltimore bila kaa ni kama kufungua hoteli Kisumu bila samaki. Usifikirie keki ya birthday. Hii ni kama katlesi isiyo na kiazi: nyama ya kaa, yai, mayonezi, haradali, biskuti za chumvi zilizopondwa, na viungo vya Old Bay ambavyo watu wa huko hunyunyizia karibu kila kitu.

Kabla ya kupanga bei, tukafanya utafiti. Jumamosi moja tulizunguka na shemeji tukanunua keki nne, mbili za mikahawani na mbili za supamaketi. Ya tano akapika dada. Akaziweka kwenye sahani zenye namba, akamwita jirani yake, bibi mmoja aliyezaliwa huko huko na kula kaa maisha yake yote. Majaji tukawa watatu. Dada peke yake ndiye aliyejua namba ipi imetoka wapi.

Namba 1 ilikuwa na mapande makubwa meupe, lakini chumvi ilizidi. Namba 2, shemeji alisema ni mkate uliopitiwa na kaa. Namba 3 ilinuka friji. Namba 4 ilikuwa tamu kweli, ila mara mbili niling'ata gamba. Namba 5, bibi alifumba macho. Akasema hivi ndivyo mamake alivyokuwa akipika. Sote tukaipa ushindi.

Dada akacheka, akaenda jikoni, akarudi na kopo tupu. Namba 5 ilikuwa yake. Kwenye kopo, kwa maandishi madogo: zao la Indonesia.

Bibi aliweka uma chini. "Sijui kwa nini," akasema, "lakini nimeumia."

Shemeji akamwangalia. "Kwani utamu umetoka?"

Hilo swali sijaweza kuliacha. Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, anakumbusha kisa kilichomo kwenye riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho wanaonjeshwa mvinyo wa pipa moja. Mmoja anasema ni mzuri ila una ladha ya ngozi, mwingine anasema una ladha ya chuma. Watu wanawacheka. Pipa likimalizika, chini kunapatikana ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume anataka tukubali kwamba ulimi mzuri hugundua kitu kilichopo kweli. Sawa. Lakini chini ya pipa letu kulikuwa na lebo, na hakuna ulimi ulioionja, hata wa bibi.

Kwa hiyo kama ulimi hauoni tofauti, tofauti ipo?

Kiswahili chetu cha mtaani kina neno linalosaidia hapa. Tunasema kitu "kinakaa" fulani, yaani kinafanana naye. Anakaa mwalimu. Inakaa itanyesha. Keki namba 5 ilikaa kaa wa Maryland, na kusema hivyo si uongo. Uongo unaanza pale unapofuta "inakaa" ukaandika "ni". Na wengi wamefuta. Mwaka 2015 shirika la Oceana lilipima keki 90 zilizouzwa katika eneo hilo kwa jina la kaa wa Chesapeake. Asilimia 38 zilikuwa za kaa wa aina nyingine, walioagizwa kutoka nje.

Tusiwacheke. Nani hajanunua "pishori ya Mwea" hapa Nairobi, akapika, na nyumba isinukie chochote? Tukigundua mchele umechanganywa, tunalia kwamba sisi wanunuzi tumeibiwa. Lakini kuna mtu wa Mwea aliyeinama kwenye maji miezi kadhaa, na jina la mchele wake linauza mchele wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoona tulikosea pale mezani. Tulikuwa tunauliza kama mlaji amedhulumiwa, na mlaji alikuwa ameshiba na kufurahi. Tungeuliza kuhusu watu ambao hawakuwepo. Ukiandika "Maryland" unataja wavuvi wa Ghuba ya Chesapeake. Unataja pia wanawake, wengi kutoka Mexico, wanaokwenda Hoopers Island kwa viza za msimu kuchambua kaa kwa kisu kidogo. Mwaka 2018 viza hizo zilipogawiwa kwa bahati nasibu, baadhi ya viwanda vya huko vilikosa wachambuaji. Nako Indonesia, kaa wa kopo letu anaitwa rajungan, na pwani ya kaskazini ya Java kuna wanawake wanaomchambua vilevile, kwa mkono. Lebo ya uongo inachukua jina la hawa na kazi ya wale.

Nilimweleza dada haya yote. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Old Bay ilianzishwa na Gustav Brunn, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi," akasema. "Leo ndiyo ladha ya Baltimore. Pilau nayo imezaliwa Mombasa? Vitu husafiri."

Ni kweli, na upishi hauna pasipoti. Mtu wa Mombasa akipika kama Baltimore hajamwibia mtu. Lakini mapishi ni kitu kimoja, na kaa ametolewa maji gani ni kitu kingine.

"Haya. Nyama ya hapa ni karibu mara mbili ya bei. Nikiandika Indonesia, wateja wataenda kwa yule anayeandika Maryland na kupika Indonesia hiyo hiyo. Wewe Jumanne unapanda ndege. Kodi ya nyumba nalipa mimi."

Hapo sikuwa na jibu, na sidhani Hume angekuwa nalo. Mwongo anapata faida, na mkweli ndiye anayelipia. Ni rahisi kumshauri mtu awe mkweli kwa pesa zake.

Nilipofika Nairobi akanitumia picha ya menyu mpya: "Keki za kaa, mtindo wa Baltimore. Kaa wa Indonesia. Mpishi wa Mombasa." Siku mbili baadaye akaniandikia kwamba mteja wa kwanza ameziondoa kwenye oda, akachukua sambusa. "Ona sasa," akasema.

Mwezi uliofuata nilimwomba menyu tena. Mstari ulikuwa ule ule. Sijamuuliza kwa nini.