Ndoo Wamebeba Wao

Kuna swali ambalo limenisumbua kwa miaka mingi, nami nadhani linamsumbua kila aliyewahi kuajiri hata mtu mmoja. Je, mwenye mali ana haki ya kumdai mfanyakazi moyo wake, wakati walichokubaliana ni mikono tu? Husemwa kwamba watu wa siku hizi hawana uchungu na kazi. Lakini uchungu huo huzaliwa wapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuulea?

Mwaka 2011 nilifungua karakana ya useremala mjini Bukoba. Tulikuwa watano: mimi, mafundi wawili, na vijana wawili waliotoka Muleba kuja kujifunza kazi. Juu ya mlango niliandika kwa rangi nyekundu, "Umoja ni Nguvu." Kila Jumamosi, kabla ya kuwalipa, niliwahutubia kidogo. Niliwaambia kwamba karakana ile si yangu, ni yetu sote, na kila mmoja ajione mwenyewe. Maneno hayo niliyapenda sana, maana hayakunigharimu kitu.

Ikatokea tukapata kazi ya madawati ya shule. Tuliifanya hadi usiku kwa majuma matatu, nami nikaahidi kwamba fedha ikitoka kila mtu atafurahi. Fedha ikatoka yote kwa mara moja. Mimi nikawaambia imetoka nusu, tuvumilie. Juma lilelile nikanunua mabati ya nyumba yangu. Sikujua kwamba kijana aliyepeleka madawati ya mwisho alikuwa dirishani nilipokuwa nikihesabiwa fedha hizo.

Hakuna aliyeniuliza neno. Jumatatu wote walifika kwa wakati. Lakini tangu siku hiyo kazi ilibadilika. Gundi iliachwa wazi ikakauka. Msasa uliotumika mara moja ulitupwa. Mteja akifika nami sipo, aliambiwa arudi kesho. Walifanya kila nililowaagiza, wala hawakuongeza hata msumari mmoja. Nami nikawalalamikia marafiki zangu kwamba vijana ni wavivu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Muleba kumtembelea mjomba wangu, aliyekuwa na mtumbwi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, na wavuvi hupumzika. Ni kazi ya baridi na ya hatari. Hata hivyo, asubuhi ile niliwaona wakirejea mwaloni wakisaidiana kushusha ndoo, huku wakizihesabu kwa sauti. Baada ya mauzo, mjomba aliondoa mbele ya wote gharama za mafuta na chakula, akatenga fungu la mtumbwi na nyavu, kisha kilichobaki kikagawiwa. Taratibu za mgawo hazifanani kila mwalo, wala si zote za haki. Hata mjomba alijitengea fungu nono. Lakini hapakuwa na mtu asiyejua kilichotoka ziwani.

Nilimwuliza kama haogopi watu wake kujua mapato yake. Akacheka. "Mwanangu, ndoo wamebeba wao. Nitawaficha nini?"

Nilirudi Bukoba na maneno hayo kichwani. Gari lilipita Muhutwe, likapita Kemondo, nami sikuona kitu njiani. Madawati yangu nayo walikuwa wamebeba wao.

Sisi watu wa Kagera tulipaswa kulielewa jambo hili mapema. Wazee wetu waliishi na nyarubanja, ambapo mtu alilima kibanja katika ardhi iliyohesabiwa kuwa ya bwana, akampelekea sehemu ya mazao yake. Utaratibu huo ulipingwa kwa muda mrefu, hata sheria ya mwaka 1965 ikawafungulia wapangaji njia ya kuimiliki ardhi waliyoilima. Hawakupinga kwa kuchoka jembe. Vivyo hivyo, TANU ilipotoa Mwongozo mwaka 1971 na kukemea viongozi wenye kiburi na dharau, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma katika miaka iliyofuata, na malalamiko yao hayakuwa ya mshahara peke yake. Walilalamikia pia kudharauliwa. Nami ninaamini kwamba kumdanganya mtu juu ya matunda ya jasho lake ni dharau, hata kama mshahara wake unalipwa kwa tarehe.

Jumamosi moja, badala ya hotuba, nilifungua daftari nikawasomea fedha yote ya madawati. Mikono ilinitetemeka. Fundi mkubwa aliniambia, "Mzee, tulijua siku ileile. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe." Nilichowadhulumu nilikilipa kwa miezi miwili. Kisha tukakubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi, baada ya kutoa mishahara, mbao na kodi ya pango, robo ya kitakachobaki tutagawana. Ipo miezi ambayo hapakubaki kitu. Daftari lilisomwa vilevile.

Lakini sitaki msomaji adhani nimemfundisha hila ya kuwafanya watu wazalishe zaidi. Mtu aliyefunguliwa hesabu hupata sauti, na sauti hiyo yaweza kukukataza jambo unalolitaka. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, Kagera ilipigwa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa, na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Juma lililofuata wateja wa milango na fremu walijaa kwetu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba tukipandisha bei, mwezi mmoja ungetupa faida ya mwaka mzima. Nikawaeleza wenzangu. Fundi mkubwa, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imepasuka, alisema hawezi kumtengenezea jirani yake mlango wa bei hiyo. Wengine wakanyamaza, na safari hii nikauelewa ukimya wao. Bei haikupanda. Fungu la kila mmoja wao lilikuwa humo, nao walijua hata kwa shilingi kile walichokuwa wakikiacha.

Baadaye yule kijana wa dirishani aliniaga, akarudi Muleba kufungua karakana yake. Nilisikitika, kwani alikuwa fundi hodari kuliko wote. Lakini mtu si mbuzi, hafungwi kamba. Nilimpa randa yangu ya zamani, nikamsindikiza hadi stendi.

Basi swali langu nalijibu hivi. Sina haki ya kumdai mtu moyo wake. Wajibu nilio nao ni kutomficha kile alichokibeba kwa mikono yake. Akinipa na moyo, nitashukuru. Akiondoka, nitamuaga kwa heri. Yale maandishi ya mlangoni yamefifia, nami sijayapaka rangi tena.