Unga Uzi Kabla Haujaisha

Wajukuu wangu, ninyi mlio kwenye malisho na migomba ya Masisi, ninyi mlio msituni Walikale, na hasa ninyi mliokulia chini ya maturubai kandokando ya Goma: jifunzeni kusokota kamba wakati sisi tunaojua bado tuko.

Najua nailoni iko sokoni, na sina ugomvi nayo. Hufunga magunia ya makaa juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao, kutoka milimani hadi mjini bila kulegea. Lakini nailoni hununuliwa. Mwanzoni mwa 2025, kambi za wakimbizi wa vita za Goma zilipovunjwa, jamaa nyingi zilirudi vijijini mikono mitupu. Ukifika ukakuta paa halipo na fito zimeoza, fedha ya kwanza ni ya chumvi na mbegu, si ya kamba. Asiyejua nyuzi atangoja msaada kwa kitu kinachoota nyuma ya nyumba yake.

Anzeni na mgomba. Chukueni maganda yaliyokaukia kwenye shina, yanayoning'inia, yasiyo na ukungu. Msichukue mabichi: yamejaa maji, na yakikaukia ndani ya fundo hunywea na fundo likalegea. Yanyunyizieni maji, myaache yalainike, kisha myapasue kwa urefu. Kwa kufunga fito za ukuta au miti ya maharagwe yanayopanda, hilo linatosha. Ila mvua huyaozesha upesi, kwa hiyo msiyafungie ng'ombe.

Kwa ng'ombe tafuteni mkonge. Jani lipondwe, likwanguliwe kwa panga butu juu ya ubao mpaka nyama ya kijani itoke yote, zibaki nyuzi nyeupe za kuosha na kuanika. Maji yake huwasha, msiguse macho. Kuna pia vile vichaka vya mashamba yaliyolala, ambavyo mbegu zake hung'ang'ania nguo. Kimojawapo, Urena lobata, kililimwa Kongo wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya magunia. Loweka mashina yake mpaka gamba lianze kuachana na mti, kisha livue, osha, anika. Ukiyatoa majini mapema, gamba hukatika vipande. Ukiyasahau, nyuzi zenyewe zinaoza. Yatazameni kila siku.

Walikale mna utajiri zaidi. Mna ule mmea wa kutambaa wenye miiba ambao watu wa Kisangani huuita kekele: huo haupondwi, hupasuliwa tu, ukafunga vikapu na viti. Na ule ambao Wambuti wa Ituri huuita kusa, wenye shina la kukwaruza ngozi, ndio uliowapa nyuzi za nyavu zao za kuwindia.

Sasa kusokota kwenyewe. Chukua fungu la nyuzi, likunje, lakini usilikunje katikati kabisa: upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Weka pande zote mbili juu ya paja, zisigusane, uziviringe kwa kiganja kwenda mbele. Zikisha kukaza, zikutanishe, uvute kiganja kurudi nyuma. Kila upande unataka kujifungua, na katika kutaka huko unamkaza mwenzake. Nguvu yote ya kamba iko hapo. Mkono ukichoka, pumzika; kamba iliyosokotwa kwa haraka huwa nene hapa, nyembamba pale, na itakatika pale penye wembamba.

Mbona upande mmoja uwe mrefu? Ili nyuzi zisiishe pamoja. Uzi unapoanza kupungua, kabla haujaisha, lazeni mpya juu yake, mviringe zote mbili kwa urefu wa kidole au zaidi. Msifunge fundo. Na viungo viwili visikutane mahali pamoja. Hili ndilo ninalowasihi hasa, kwa sababu naona vijiji vyetu vimeanza kusokotwa vibaya. Wazee wameondoka wengi kwa mara moja, wengine kwa risasi, wengine kwa kipindupindu na njaa ya safarini, na watoto waliopaswa kukaa nao walikuwa mbali. Uzi uliisha kabla mpya haujalazwa.

Wanyanga, wenyeji wa Walikale, walilijua jambo hili. Katika utenzi wa Mwindo, ambao Candi Rureke wa kijiji cha Bese aliusimulia kwa siku 12 mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, na ambao Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, alishiriki kuutoa kitabuni mwaka 1969, Mwindo anashuka kuzimu kumfuata baba yake, Shemwindo. Ncha ya kamba anamwachia shangazi yake Iyangura, aishike. Ikitulia, ajue mtoto amekufa. Shujaa yule alikuwa na usinga wake wa ajabu, hata hivyo hakushuka mpaka mtu mzima wa ukoo ameshika ncha.

Neno jingine, kwa mnaotega. Kitanzi cha nyuzi za msituni ukikisahau, mvua itakiozesha. Waya hauozi. Utabaki pale hata baada ya wewe kuhama, ukakata mkono wa mtoto wa gorila ambaye hukumkusudia. Tunao wachache, na mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975 kuelekea misitu yetu ya chini, iliwekwa kwa ajili yao. Kama huna budi kufunga kitu msituni, funga kwa kinachooza. Na mkikata kekele, acheni mashina machanga kwenye kila kichaka.

Kamba yenu ya kwanza iwe ya mkonge, ya nyuzi mbili, nene kama kidole kidogo. Ifungeni kwenye tawi, mning'inize bidoni la lita 20 lililojaa maji, mliache mpaka kesho. Ikikatika, msiitupe. Tazameni ilipokatikia, leteni vipande vyote viwili, tuvifungue pamoja tuone uzi upi uliungwa kwa kuchelewa.