Maana Mbili za Kuhifadhi

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Kuhifadhi ni kukitunza kitu kisipotee wala kuharibika. Kuhifadhi pia ni kukiweka kichwani, kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura. Katika masomo yangu ya uzamili, kijiji kimoja cha Ireland kimenifanya nijiulize kama maana moja inaweza kushika nafasi ya nyingine.

Kijiji hicho ni Skryne, juu ya kilima katika kaunti ya Meath. Kileleni umesimama mnara wa kanisa la karne ya 15 lililobaki gofu. Magharibi, ng'ambo ya bonde, kipo kilima cha Tara, ambacho mapokeo yanakihusisha na wafalme wa kale wa Ireland. Jina Skryne limetokana na neno scrín la lugha asilia ya huko, yaani sanduku la masalia ya mtakatifu. Inasimuliwa kwamba masalia ya Mtakatifu Columba yaliletwa hapa katika karne ya 9, kuyaepusha na mashambulizi ya Waviking. Sanduku halipo. Jina lipo: kila mkazi anayeandika anwani yake hulitaja sanduku hilo, hata asipolifikiria.

Basi mtu anaweza kusema kwamba kitu kikiondoka, kumbukumbu inatosha. Hoja ya namna hiyo ndiyo iliyofanya kazi bondeni. Mwaka 2007, wakati wa ujenzi wa barabara kuu ya M3 kati ya Tara na Skryne, wanaakiolojia walikuta huko Lismullin mashimo ya nguzo za mbao zilizopangwa duara, upana wa mita 80 hivi, za Zama za Chuma. Mahali hapo palitangazwa kuwa turathi ya taifa. Kisha palichimbwa, pakapimwa, pakapigwa picha, na barabara ikapita juu yake. Mwaka 2010 ikafunguliwa. Utaratibu huo huitwa uhifadhi kwa kumbukumbu.

Siwabezi waliotaka barabara. Mtu anayeishi Navan na kufanya kazi Dublin alikuwa akimaliza saa nyingi kwenye foleni, na saa hizo ni sehemu ya uhai wake. Mshairi Seamus Heaney aliipinga njia ile, lakini upinzani wa mshairi haumfikishi mtu kazini.

Kinachonisumbua ni lile neno. Anayehifadhi sura hauchani msahafu akishamaliza. Tena asipoirudia, itamtoka. Jina la Skryne limedumu kwa sababu limo midomoni mwa watu; ripoti ya uchimbaji huwangoja wataalamu. Na hata ikisomwa na wote, haiwezi kurudisha ule uwazi uliokuwa kati ya vilima viwili vinavyotazamana.

Jamii ina haki ya kuchagua barabara. Haina haki ya kuichagua kisha ikasema imehifadhi. Tukitamka wazi kwamba tumeharibu hiki ili tupate kile, tunabaki na deni, na mwenye deni hufikiri mara mbili kabla ya kukopa tena. Tukisema tumehifadhi, tunajiona tumeshalipa.